Fundi wa Mabango Ndani ya Jumba la Kadinali

Kazi yangu ni kuandika mabango. Nilizaliwa Kawangware, upande wa Gatina, na kibanda changu cha kazi kiko Makina, Kibera. Ukitaka jina la hoteli yako liandikwe kwenye mabati, au kichwa cha kijana mwenye panki kichorwe mlangoni pa kinyozi, au ng'ombe mnene ukutani pa bucha, unakuja kwangu tunaelewana bei. Nimefanya kazi hii tangu nilipomaliza shule, na mikono yangu inajua rangi ya mafuta, tapentaini na brashi iliyokatwa nywele kwa wembe ili itoe mstari mwembamba. Nasema haya mwanzoni kwa sababu yote nitakayoeleza kuhusu jumba la Borghese, mjini Roma, niliyaona kwa macho ya fundi. Sijui kuyaona kwa macho mengine, na nimerudi nikiamini kwamba macho hayo yanatosha kabisa.

Dada yangu anaishi Roma. Anamtunza nyanya mmoja wa Kiitalia ambaye hawezi tena kuamka mwenyewe wala kujipikia. Mwaka 2025 alinipigia simu akasema, "Ndugu yangu, kazi za Wangechi Mutu zimewekwa kwa jumba la yule kadinali. Wanawake wake wa shaba wamekaa nje kabisa, mbele ya nyumba. Kuja uone kabla wazitoe." Maonyesho hayo ya msanii huyo wa kwetu, yaliyoitwa kwa Kiitalia Poemi della terra nera, yaani Mashairi ya Udongo Mweusi, yalifunguliwa tarehe 10 Juni yakafungwa 14 Septemba. Nilifika Agosti, jua likiwa kali kuliko la Kisumu.

Jumba la Borghese liko ndani ya bustani kubwa yenye misonobari mirefu. Kuingia kwake kuna utaratibu ambao mtu wa Nairobi anafaa kuujua mapema, maana huendi tu mlangoni ukalipa. Tiketi hununuliwa siku nyingi kabla, kwa intaneti, nayo hutaja saa yako. Mabegi yote huachwa chini. Ukishaingia unapewa saa mbili, kisha kundi lenu linatoka na jingine linaingia. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi majumba ya makumbusho ya serikali ya Italia hayatozi kiingilio, lakini kwa Borghese hata siku hiyo lazima uwe umeweka nafasi. Dada alikuwa amepanga kila kitu. Alivaa gauni lake la kanisani.

Saa mbili ni chache. Kuna vyumba ishirini, na kila chumba kimejaa kuanzia sakafu hadi dari. Ushauri wangu kwa yeyote atakayekwenda ni huu: usijaribu kuona kila kitu. Chagua kazi chache uzizunguke, uzikaribie, urudi nyuma, uinamishe kichwa uone zimeunganishwa wapi. Wageni wengi niliowaona walikuwa wakipita haraka na simu mkononi, wanapiga picha, wanasonga. Mimi na dada tulitulia.

Mwenye jumba alikuwa Scipione Borghese. Mjomba wake alichaguliwa kuwa Papa mwaka 1605, akajiita Paulo wa Tano, na mwaka huohuo akamfanya mpwa wake kadinali. Kijana huyo hakuwa na miaka thelathini. Akapata mali nyingi na vyeo vingi, na penzi lake kubwa likawa sanaa. Msanifu Flaminio Ponzio alianza jumba, na alipofariki likamaliziwa na Giovanni Vasanzio, fundi kutoka Uholanzi ambaye Waroma walimpa jina la kwao. Halikujengwa liwe nyumba ya kulala. Lilijengwa kwa karamu na kwa kuonyesha: mgeni aingie, ashangae, aondoke akijua Borghese ni nani.

Chumba kilichonishika kwanza ni kile chenye Apolo na Dafne, sanamu ya Gian Lorenzo Bernini iliyochongwa kati ya 1622 na 1625. Kisa chenyewe ni cha kale. Mungu Apolo anamkimbiza msichana Dafne asiyemtaka. Msichana anamlilia baba yake, ambaye ni mungu wa mto, amwokoe. Naye anageuzwa mti. Bernini alichagua kipindi kilekile ambacho mkono wa Apolo unagusa kiuno na kukuta tayari ni gome la mti. Vidole vya Dafne vinachipua majani. Vidole vya miguu vinakuwa mizizi. Yote hayo ni jiwe moja jeupe. Zamani sanamu hii iliwekwa karibu na ukuta, mgeni akaingia akimwona Apolo kwa mgongo kwanza, kisha kisa kikamfungukia kadiri alivyosogea. Siku hizi iko katikati ya chumba, lakini nawe unaweza kuanza kwa nyuma. Nilifanya hivyo, na nikaona jinsi msichana anavyopotea hatua kwa hatua.

Nilisimama hapo nikitazama majani. Yamechongwa membamba kiasi kwamba mwanga unapenya. Baadaye nikajua jambo ambalo kila fundi mwenye vijana wa kazi anapaswa kulijua: majani yale na zile nywele, sehemu kubwa, ni kazi ya Giuliano Finelli, kijana aliyekuwa akifanya kazi chini ya Bernini. Alikuwa na mkono wa ajabu kwa vitu vyembamba. Jina la Bernini likakua, la Finelli likabaki nyuma, na mwishowe akaondoka kwa uchungu akaenda kutafuta kazi zake mwenyewe. Kibandani kwangu kuna vijana wawili. Mmoja anaandika herufi bora kuliko mimi, na wateja hawajui, kwa sababu bango hutiwa nambari yangu ya simu pembeni. Tangu nirudi tunaandika majina mawili.

Katika chumba kingine Bernini amemchonga Pluto akimteka Proserpina. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Ukiangalia paja la msichana utaona vidole vya mtekaji vimezama katika nyama. Mkono ndio kiungo kigumu kuliko vyote kwa mchoraji; uso mteja atausamehe, mkono mbaya watoto wataucheka barabarani. Nimechora mikono ya wapishi, ya wasusi, ya mafundi wa viatu. Sikujua jiwe linaweza kubonyea.

Kisha tukaingia chumba cha Caravaggio. Nilikuwa nikikingoja, nami nitakaa hapa kidogo.

Picha zake sita ziko katika jumba hili, na zote ambazo ningeweza kukueleza zina jambo moja ambalo sisi wa mabango tunafundishwa kulikwepa: giza. Bango letu lazima lionekane kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye vumbi, mtu akiwa ndani ya matatu inayokimbia. Kwa hiyo tunaweka mandhari ya njano au samawati hafifu, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na uso uliopakwa mwanga kila upande. Caravaggio anaacha picha nzima gizani, kisha anaingiza mwanga kutoka upande mmoja tu. Shavu moja linatokea, bega linatokea, na kile kinachobaki gizani unakitafuta mwenyewe. Rangi zake ni chache: nyeupe, kahawia, nyekundu, nyeusi. Ni rangi ambazo ningezipata zote kwa duka moja la hardware pale Kawangware Stage 2.

Katika Mvulana Mwenye Kikapu cha Matunda, aliyoichora karibu 1593 akiwa kijana asiye na jina mjini Roma, kuna zabibu, tufaha, pichi na matini. Akina mama wanaouza matunda katika soko la Toi wakiniagiza bango, hutaka kila embe ling'ae na kila jani liwe kijani. Caravaggio amechora jani lenye madoa ya ugonjwa, na jingine limeanza kukauka ukingoni. Amelipa jani bovu uangalifu uleule aliolipa tunda zuri. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kushika matunda ya sokoni na kuyageuza.

Dada yangu alivutwa na picha nyingine, ile ya Bikira Maria akimfundisha Yesu mdogo kumkanyaga nyoka, na pembeni bibi yake, Mtakatifu Anna, amesimama mikono ikiwa imefumbatwa. Iliagizwa kwa ajili ya altare katika kanisa la Mtakatifu Petro, ikamalizika 1606, na ikaondolewa baada ya muda mfupi tu. Walioikataa walipata picha ya kweli mno: Maria ni mwanamke wa mtaani aliyepandisha gauni lake, Anna ni mzee mwenye ngozi ya kazi. Kadinali Scipione akainunua. Dada alimtazama Anna kwa muda mrefu, akasema, "Huyu alimjua mtu mzee. Angalia shingo." Yeye huosha shingo ya mtu mzee kila asubuhi. Hakuna mwongoza wageni aliyesema neno zuri kuliko hilo siku hiyo.

Na Daudi yuko pale, kijana ameshika kichwa cha Goliathi kwa nywele. Uso wa Goliathi ni wa Caravaggio mwenyewe. Mwaka 1606 alimwua mtu katika ugomvi mjini Roma, Ranuccio Tomassoni, akakimbia, na miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kuhama mji kwa mji akitafuta msamaha wa Papa. Alifariki 1610 akiwa njiani kurudi. Kadinali mwenye jumba hili ndiye alikuwa na uwezo wa kumsaidia, na wengi wanaamini picha ilikuwa ombi. Daudi hafurahii ushindi wake. Anamtazama aliyemwua kwa huruma.

Sitaki msomaji adhani kila kilicho humo kiliingia kwa haki. Mwaka 1607 maafisa wa Papa walimkamata mchoraji Cavalier d'Arpino kwa kesi ya kumiliki bunduki kinyume cha sheria, wakachukua picha zaidi ya mia moja kutoka nyumbani kwake, na Papa akampa mpwa wake. Picha ya mvulana na matunda ilikuwa miongoni mwazo. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya mji wa Perugia. Huko, katika kanisa la Wafransisko, kulikuwa na picha ya Raffaello ya mwaka 1507 inayoonyesha mwili wa Yesu ukibebwa kwenda kaburini. Iliagizwa na mama mmoja wa mji huo, Atalanta Baglioni, kwa kumkumbuka mwanawe aliyeuawa katika vita vya kifamilia. Usiku mmoja watu wakaitoa kanisani ikapelekwa Roma. Watu wa Perugia walilalamika. Papa akatangaza kuwa ni mali ya kadinali. Iko pale juu hadi leo, na ni nzuri sana, na nilipoitazama nilimfikiria yule mama. Mimi ni mtu wa Kibera. Julai 2018 tingatinga zilipofungua barabara kuelekea Lang'ata, kuta nilizozichora zilianguka pamoja na nyumba na shule. Najua mali inavyoweza kubadilisha mwenyewe kwa karatasi moja.

Jumba nalo liliwahi kupokonywa. Mwaka 1807 mrithi wake, Camillo Borghese, aliyekuwa amemwoa Paolina dada yake Napoleon, alibanwa na shemeji yake akauza sanamu za kale kwa mamia, zikapelekwa Paris, na nyingi ziko Louvre mpaka sasa. Kuta za nje zilizokuwa zimefunikwa na michongo zikabaki na nafasi tupu.

Mbele ya kuta hizo ndipo nilipowakuta wanawake wa Wangechi Mutu.

Wangechi alizaliwa Nairobi mwaka 1972 na akasoma Loreto Convent Msongari, shule ambayo mtu wa Kawangware anaweza kuifikia kwa miguu akivuka Lavington. Baadaye akasomea Wales, kisha Marekani, na leo anafanya kazi kati ya New York na Nairobi. Wanawake hao wa shaba, The Seated I na The Seated IV, aliwatengeneza kwanza kwa ajili ya jumba la Metropolitan, New York, mwaka 2019. Mbele ya jengo lile kulikuwa na vijumba vya ukutani vilivyoachwa kwa ajili ya sanamu, navyo vilikaa vitupu tangu 1902. Wangechi ndiye aliyevijaza. Katika majengo ya Ulaya utamwona mwanamke wa jiwe amesimama akibeba paa kichwani karne baada ya karne. Hawa wa Wangechi wameketi. Miili yao imezungushiwa mikunjo ya shaba kama shanga na nguo za sherehe, wamenyoosha migongo, na hawabebi paa la mtu.

Ndani, kazi zake nyingi zilining'inia kutoka darini, kwa hiyo haikubidi sanamu ya kale isukumwe kuzipisha. Kulikuwa na kazi iitwayo Ndege. Kulikuwa na vichwa viwili vinavyolia. Kulikuwa na kazi inayochota maneno kutoka wimbo War wa Bob Marley, ambao nao ulitokana na hotuba ya Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963. Na kulikuwa na Suspended Playtime: mafurushi ya mifuko ya plastiki yaliyofungwa kwa kamba, yametundikwa moja moja, yanakaribia sakafu.

Nilipoyaona nilicheka kwa furaha, na mlinzi akanitazama. Ile ni mipira ya juala. Kila mtoto aliyekulia Gatina, Kabiria, Lindi au Laini Saba amewahi kukusanya mifuko, akaishindilia ndani ya mfuko mmoja, akaizungushia kamba ya katani mpaka ikawa ngumu, akaenda kuchezea uwanja wa vumbi. Tangu Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, watoto wetu wanatengeneza kwa vitambaa na sponji. Ina maana kwamba kitu kile, ambacho mimi nilikijua kama mchezo, mwanangu atakiona kwa mara ya kwanza ndani ya jumba la makumbusho, chini ya dari lililopakwa rangi na dhahabu.

Mama mmoja wa Kiitalia alikuwa hapo na mtoto wake. Mtoto akauliza ni nini. Mama akasoma karatasi, akasitasita. Dada yangu akamjibu kwa Kiitalia chake cha nyumbani kwa watu, akaonyesha kwa mikono jinsi kamba inavyozungushwa, akasema kwamba mzuri hudunda na mbaya hupasuka katikati ya mechi. Wageni wengine watatu wakasogea kusikiliza. Huyu ni mwanamke ambaye mjini Roma hupita barabarani akisukuma kiti cha magurudumu bila mtu kumuuliza chochote. Siku hiyo alikuwa ndiye mjuzi katika chumba, na alieleza kwa utulivu wote, kama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Siku iliyofuata tulikwenda kanisa la Santa Maria Maggiore. Foleni ilikuwa ndefu, watu wakienda kuona kaburi la Papa Fransisko aliyezikwa humo Aprili 2025. Sisi wa Kawangware tuna sababu yetu ya kumkumbuka: tarehe 27 Novemba 2015 alikuja Kangemi, jirani zetu, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akazungumza waziwazi kuhusu wanaonyang'anywa ardhi na wasio na maji. Katika kanisa hilohilo la Roma amezikwa Papa Paulo wa Tano, mjomba wa kadinali wetu. Na amezikwa Mwafrika mmoja ambaye nataka ajulikane zaidi kwetu.

Aliitwa Antonio Manuel ne Vunda, balozi wa mfalme wa Kongo. Aliondoka kwao mwaka 1604, akapitia Brazili, Ureno na Hispania, safari ya miaka, kwenda kumweleza Papa shida za ufalme wake. Alifika Roma mwanzoni mwa Januari 1608 akiwa mgonjwa sana. Papa Paulo alikwenda kumwona kitandani, na siku chache tu baada ya kuwasili akafariki. Roma ilikuwa imejiandaa kumpokea kwa maandamano makubwa. Ikamfanyia mazishi makubwa. Sanamu yake ya kifua, iliyochongwa na Francesco Caporale kwa mawe ya rangi, uso wake ukiwa wa jiwe jeusi, ni mali ya kanisa hilo. Alifariki mwaka uleule ambao picha ya Raffaello ilitolewa Perugia usiku. Kwa hiyo tusiseme Mwafrika aliingia katika hadithi ya majumba haya juzi. Alikuwepo tangu misingi ikichimbwa.

Na si Wangechi peke yake katika wakati wetu. Venice, mji ambao majumba yake yanasimama majini, huwa na maonyesho makubwa ya sanaa kila baada ya miaka miwili, na nchi hukodi majumba ya zamani kuonyesha wasanii wao. Uganda iliingia kwa mara ya kwanza mwaka 2022, katika Palazzo Palumbo Fossati, na Acaye Kerunen, anayefanya kazi na akina mama wasusi wa ukili na nyuzi za mgomba, pamoja na Collin Sekajugo. Majaji waliwatunuku kwa kuwataja mahususi. Sisi Wakenya tulipita njia chungu zaidi. Mwaka 2013 na tena 2015, banda lililobeba jina la Kenya lilijaa wasanii wa Kichina na Kiitalia. Wasanii wa Nairobi wakapaza sauti, na mwaka 2015 serikali ikajitenga nalo. Mwaka 2017 ndipo Jimmy Ogonga alipopeleka kina Peterson Kamwathi, Paul Onditi, Richard Kimathi, Arlene Wandera na Mwangi Hutter. Hawakupata jumba. Waliweka kazi zao katika shule iliyoachwa, kisiwani Giudecca, na walipeleka za kwao wenyewe.

Nimeulizwa mtaani, tangu nirudi, kama mtu lazima aende ng'ambo ndiyo aone sanaa. Hapana. Kwanza Kibera yenyewe ina historia. Maasai Mbili ilianzishwa na waandishi wa mabango wawili, Otieno Gomba na Otieno Kota, waliozunguka mtaani wamevaa shuka za Kimaasai wakitafuta kazi ya kupaka rangi, na nyumba yao ikawa makao ya wasanii. Solomon Muyundo, tunayemjua kama Solo Saba, alipita mwanzoni mwa 2008, nyumba zikiungua katika ghasia za baada ya uchaguzi, akiandika maneno ya amani kwenye kuta, milango na lami. Mwaka 2009 msanii Mfaransa JR alifunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za nyuso za wanawake wa mtaa, zilizochapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, ili mvua ikinyesha nyumba isivuje. Hiyo ni sanaa ambayo mwenye nyumba aliielewa siku ya kwanza.

Pili, tuna jumba letu. Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, chini ya kivuli cha Nyayo House, kuna jengo la mawe la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa wakati wa ukoloni. Humo waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Leo ni Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa, na ndani yake kuna hazina ya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya. Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai. Alishika umakamu kwa miezi michache tu mwaka 1966 kisha akaondoka katika siasa, akajitolea kwa vitabu, vinyago, nguo, vito na stempu za Afrika nzima. Pamoja na mkewe Sheila na Alan Donovan alianzisha jumba la sanaa la African Heritage, mjini Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wageni walitaka kununua hazina yake wakaipeleke nje. Alikataa, akaiuzia serikali ya Kenya ili ibaki hapa.

Mwaka 1902 serikali ya Italia ilinunua jumba la Borghese na kila kilichomo, na bado vimo. Murumbi naye aliikabidhi serikali nyumba yake ya Muthaiga akitumaini itakuwa mahali pa kusomea Afrika. Nyumba hiyo ilibomolewa. Nalitamka hili kwa uchungu, kwa sababu tofauti kati ya nchi mbili hapa haiko katika vipaji wala katika fedha pekee; iko katika kulinda kile ambacho tayari ni chetu. Vitu vyake vimesalia, vingine Nairobi Gallery, vingine pale National Archives, Moi Avenue, jengo ambalo nusu ya Nairobi hukutana mbele yake kungojeana bila kuingia. Ghorofa ya chini ndiyo yenye vinyago na nguo. Ukimngoja mtu pale na amechelewa, ingia.

Niliwapeleka vijana wangu Nairobi Gallery siku ya kazi, tukapanda matatu hadi mjini tukiwa na nguo zenye rangi. Niliwaambia wachague kitu kimoja kila mtu, wakizunguke. Yule mwandika herufi alichagua kitambaa, akahesabu nyuzi mpaka akajua mfumaji alibadilisha mkono wapi. Mwenzake, ambaye nilikuwa nimemwonyesha Caravaggio kwenye simu, alikuwa akiangalia vinyago vinavyopata mwanga kutoka dirishani, upande mmoja tu.

Wiki hiyo tulikuwa na kazi ya kinyozi wa Olympic, Kibera. Kijana huyo akaniomba ajaribu mandhari nyeusi. Alichora kichwa cha mteja kikitokea gizani, mwanga ukipiga sikio, shavu na mstari wa wembe, na mkono wa kinyozi ukiwa umeshika mashine. Mkono aliufuta na kuurudia mpaka usiku. Mwenye duka alikuja asubuhi, akasimama ng'ambo ya barabara, akarudi karibu, akaenda tena ng'ambo. Akasema ameupenda uso, ila bei hazisomeki. Tukaziandika upya kwa njano, chini, kubwa, na pembeni tukaweka majina yetu wawili.